Kisanduku cha Muziki Juu ya Sinia la Mama

Nina duka la kutoa kopi Kilosa, si mbali na stesheni ya reli, na nikiri mapema kwamba nina ugonjwa wa kulaminisha. Cheti cha kuzaliwa nalaminisha. Cheti cha ubatizo nalaminisha. Kadi ya kliniki ya mtoto ambaye ameshaoa, mama yake akiileta, naipitisha kwenye mashine na kumrudishia ikiwa ya moto na inang'aa. Maji yameshatuingilia majumbani Kilosa mara nyingi, na mtu aliyewahi kuanika vyeti vyake juani kama dagaa hahitaji kuelezwa faida ya plastiki. Kwa hiyo asinicheke mtu kabla hajasikia yote.

Mwalimu alianza kuja dukani mwaka juzi. Ni dada wa Kijapani aliyekuwa akijitolea kufundisha sanaa katika sekondari moja ya kwetu, mdogo wa umbo, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Siku ya kwanza alinunua karatasi mbili nyeupe za manila, akaniomba nizikate vipande virefu, upana wa vidole vinne. Nikakata. Kesho yake akarudi, nikakata tena. Siku ya nne nikamuuliza, kwa ukali kidogo maana foleni ilikuwa ndefu, kama anafundisha au anafungua kiwanda cha utepe.

Akacheka huku ameziba mdomo, akatoa kwenye mkoba kisanduku cha mbao na chuma, kinachoenea kiganjani, chenye mkono mwembamba wa kuzungusha. Kipande kimoja cha manila yangu alikuwa amekitoboa matundu madogo madogo. Akakipachika upande mmoja, akazungusha, karatasi ikawa inaingia huku na kutokea kule, na kila tundu lilipopita, kijino cha chuma mle ndani kiliguswa kikalia. Sauti nyembamba hiyo, safi, unaisikia kwa kuinamia. Mteja aliyekuwa akisubiri kopi ya kitambulisho alisahau kitambulisho chake juu ya kaunta mpaka jioni.

Nilipomuuliza kitu hicho ni cha nini, alinieleza taratibu, kama anavyoeleza darasani. Kwao, alisema, wasanii wa siku hizi si lazima wachore. Aliwahi kuingia katika nyumba ya zamani kijijini, nyumba ambayo wenyewe walishahamia mjini, na msanii mmoja alikuwa amegeuza vyumba vyake kuwa maonyesho: hakuna picha ukutani, hakuna sanamu, ila kila chumba kina kisanduku kimoja cha muziki kimewekwa juu ya kitu cha nyumbani. Juu ya meza. Juu ya beseni. Juu ya kioo cha dirisha. Unazungusha mwenyewe, na meza inaimba kwa namna yake na kioo kwa namna yake. Alikaa mle kutwa nzima. Akasema tangu siku hiyo alitaka kufanya onyesho la namna hiyo mahali ambapo watu bado wapo, nyimbo zitoke kwao na vyombo vitoke kwao, na alikuwa ameshapewa ukumbi mdogo Mikumi.

Nikamwambia, mwalimu, watu wa Mikumi wamezoea spika kubwa kama makabati. Nani atakuja kusikiliza beseni?

Akasema labda wachache. Hakukasirika hata kidogo, na watu wasiokasirika huwa wananishinda. Kuanzia hapo nikawa namkatia manila bure, na yeye akiniita dada.

Sasa nimseme baba yangu, kwa sababu yote haya niliyafanya kwa ajili yake, au ndivyo nilivyojidanganya. Baba alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya reli ya kati. Ujana wake wote na utu uzima wake wote alikuwa akitembea behewa hadi behewa, akipokea tiketi, akiitoboa kwa koleo, akiirudisha bila kumkosea mtu adabu. Alistaafu, akakaa nyumbani na mama. Mama alikuwa mtu wa Vidunda, wa kule mlimani hasa, na alikuwa na wimbo wake wa kuchambulia mchele. Haukuwa na maneno, au maneno yake aliyaacha mlimani. Aliuimba puani, mdomo umefungwa, sinia la alumini mapajani, vidole vikitafuta mawe.

Mimi sikuusikiliza hata siku moja. Nilikuwa na redio yangu, na wimbo wa mama niliuona wa kishamba, nilikuwa naongeza sauti ya redio makusudi. Mama alipofariki, miaka mitatu sasa, siku moja nilikaa jikoni na sinia lile lile nikajaribu kuukumbuka. Nikapata mwanzo tu, kipande kifupi, basi. Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia makaburini, kwa sababu makaburini kulikuwa na watu wa kunishika na kule jikoni nilikuwa peke yangu na ujinga wangu.

Baba ndiye aliyekuwa nao. Miaka arobaini na ushee chini ya dari moja na wimbo ule, angeukosaje. Lakini masikio ya baba yalikuwa yanakwenda. Tulimpeleka Morogoro, daktari akampima akasema yanakwenda na hayatarudi, na kile kifaa cha kuvaa baba alikivaa siku mbili akakitia kabatini, eti kinamletea kelele za vijiko. Nikimpigia simu hapokei. Nakwenda nyumbani nimefura, naikuta simu mezani mbele yake, nagomba, naye ananitazama tu kwa utulivu kama abiria aliyepoteza tiketi.

Kwa hiyo nilipokiona kile kisanduku, wazo likanijia likakaa. Nilitaka baba ausikie wimbo wa mama, mara moja tu, kabla masikio yake hayajafunga kabisa. Sikutaka kingine. Na nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Mwalimu alikubali kabla sijamaliza kueleza. Alikuja nyumbani Jumamosi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akapiga goti kidogo akasema shikamoo baba, na baba akaitikia marahaba kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuamsha behewa zima. Alimpenda hapo hapo. Wakakaa barazani. Baba akaimba puani, sauti nzito inayokwaruza, mwalimu akamsogelea sikioni akairudisha kwa sauti ya chini, baba akatikisa kichwa, hapana, hapo unapanda mapema, wakaanza tena. Kila kipande kilichokubaliwa mwalimu alikiwekea alama za penseli kwenye manila. Mimi nilikuwa ndani napika, na kusema kweli niliziba masikio kwa kelele za sufuria, kwa sababu nilitaka na mimi niusikie siku yenyewe, ukiwa mzima.

Jumamosi hiyo mwalimu alizungusha kisanduku mara moja barazani ili baba aone kinavyofanya kazi. Baba akainama, akakitazama kinavyokwenda mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema hataki kukisikia tena, atausikia huko huko Mikumi siku yenyewe kama watu wengine. Nikamwambia baba unajifanya mgumu bila sababu. Akaniambia nimletee chai.

Kilichomnasa baba ni kutoboa. Kisanduku kilikuja na koleo lake dogo, na mwalimu alikuwa akitoboa tundu moja moja, ulimi nje, anakosea. Baba akamtazama kwa huruma, akanyoosha mkono. Jamani, ile mikono haikuwa imesahau. Karatasi katika mkono wa kushoto, kidole gumba kinaisukuma, koleo mkono wa kulia, tik, tik, tik, hata haangalii. Kabla ya kuanza kila kipande alikiinua kwenye mwanga akimuuliza mwalimu, unashuka wapi, na mwalimu, ambaye mara ya kwanza hakujua ni utani, alijibu kwa heshima kwamba anashuka Mikumi.

Waligombana mara moja tu. Katikati ya wimbo baba alitaka paachwe wazi, pasiwe na tundu hata moja. Mwalimu akamuuliza kwa kiasi gani. Baba akafumba macho, akakaa kimya, tukasubiri, mimi mlangoni na mwiko mkononi, mpaka nikadhani amesinzia, ndipo akasema, hapo. Mwalimu akapima akaacha wazi kama alivyoambiwa. Mimi nikajua ni uzee.

Jumamosi ya nne karatasi ilikamilika, imeungwa kwa gundi sehemu mbili, ndefu kama mikono yangu miwili nikiinyoosha. Nyimbo za watu wengine mwalimu alikwenda nazo mwenyewe. Huu nikasema nabaki nao mimi, dukani, ndani ya droo yenye ufunguo. Onyesho lilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Ijumaa mchana mbingu zikawa nyeusi upande wa milimani. Duka langu ni la bati, na bati langu lina siku zake. Nikaitoa ile karatasi kwenye droo, nikaiangalia, nikawaza safari ya kesho, vumbi, matope, jasho la mikono, chai ya mtu itakayomwagika. Wimbo wa mama yangu ulikuwa umeandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye manila ya shilingi chache. Mkono wangu ukaenda kwenye mashine wenyewe, ninaapa. Niliunga plastiki nne, nikaipitisha taratibu, ikatoka upande wa pili imenyooka, inateleza, inapendeza. Matundu yote yalionekana vizuri, mwanga ukipita. Nikasema sasa mvua na inyeshe.

Kesho yake asubuhi tulipanda Noah ya kukodi, mimi na baba tu, mwalimu alikuwa ametangulia tangu jana. Tulipita kijiji chetu kiitwacho Ulaya, tukapita Zombo, baba mbele na koti lake la kazini alilolipiga pasi mwenyewe, mimi nyuma na sinia la mama nimelifunga kwenye kitenge. Dereva alizungumza njia nzima na baba aliitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, hata alipoulizwa ana umri gani.

Ukumbi wenyewe uko karibu kabisa na barabara kuu, na pale malori ya kwenda Zambia hayana mapumziko. Mwalimu alikuwa ameondoa meza zote. Sakafuni alitandika mashuka meupe, na juu ya kila shuka chombo kimoja, kimetulia peke yake, na kisanduku kimoja juu yake. Palikuwa na kibuyu cha maziwa cha mama mmoja wa kifugaji, na wimbo wake ulikuwa mluzi ambao mumewe huitia ng'ombe. Palikuwa na dumu la njano la dereva wa malori ya miwa wa Kidodi. Palikuwa na jembe kutoka Kilangali, limelazwa juu ya tofali. Nilivyokuwa nimejiandaa kucheka, sikucheka. Vitu ninavyoviruka kila siku nikienda chooni, vilionekana kama vimealikwa.

Nikamkabidhi sinia, kisha nikamkabidhi karatasi kwa mikono miwili, najivuna. Nikamwambia haitaloa tena mpaka kiama.

Mwalimu akaipokea akasema asante sana dada, ni nzuri sana. Akaitazama. Akaipitishia kidole. Nilidhani amefurahi mno. Akaisogeza kwenye kisanduku, haikuingia. Nikamwambia asukume. Akasukuma kidogo kwa heshima, haikuingia. Nikamnyang'anya nikasukuma mimi, na hapo ndipo macho yangu yalipoona kile ambacho kichwa changu kilikataa kuona jana: matundu yalikuwepo yote, na kila tundu lilikuwa limezibwa na plastiki, pande mbili. Vile vijino vya chuma vingepita juu yake kama kidole juu ya kioo. Kazi ya Jumamosi nne ya baba nilikuwa nimeizika mwenyewe, kwa upendo, kwa nyuzi joto za kutosha.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kusema maneno yasiyo na mpango, kwamba mvua, kwamba bati, kwamba vyeti. Mwalimu hakunilaumu, na hilo likanizidi, nikaketi sakafuni na nguo zangu za kutokea, nikalia kama mtoto. Saa nne ilishapita na watu waliambiwa saa tisa.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti upande wa pili, hajasikia chochote. Aliona tu. Akaja, akaichukua karatasi mikononi mwangu, akaiinua dirishani, akaitazama kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniangalia mimi kwa jicho la mkaguzi.

"Tiketi ikiharibika, abiria hateremshwi," akasema. "Anakatiwa nyingine. Kanunue karatasi."

Nikaenda mbio. Mikumi yote, siku hiyo, manila nyeupe hakuna. Nilizunguka maduka matatu ya vifaa vya shule, la tatu lilikuwa na manila ya waridi tu, ile ya kupambia kipaimara. Nikachukua. Tukaikata, tukaiunga, tukaitandaza juu ya ubao, na juu yake tukalaza ile ya plastiki. Kazi yangu ilikuwa kuchoma kwa pini katikati ya kila tundu mpaka alama itokee kwenye waridi chini yake. Kazi ya baba ilikuwa kunifuata nyuma akitoboa. Mwalimu alikuwa akihesabu na kuhakiki mistari, kwa sababu tundu likihama mstari mmoja ni sauti nyingine.

Tulifanya hivyo mpaka saa nane kasoro. Tuliletewa wali na maharage vikapoa. Sikuwahi kukaa karibu na baba hivyo tangu nilipokuwa nafundishwa kufunga kamba za viatu, bega kwa bega, nasikia pumzi zake, namwona anavyoilamba midomo akifika mahali pagumu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye mchana ule, na simwambii, nachoma pini tu. Tulipofika pale katikati, pini yangu ikakosa pa kuchoma. Karatasi tupu. Nikamsogelea sikioni nikapaza sauti kumuuliza kama hapa alisahau. Akasema hajasahau, niende mbele.

Ile ya plastiki mwalimu hakuitupa. Aliitundika dirishani kwa kipande cha uzi, na jua likapita kwenye matundu na kuyatupa sakafuni, vidoa vidoa. Akasema kwao watu wangelipa nauli ya kuja kuliona dirisha hilo. Sikujua kama ananifariji au anasema kweli. Kwa kumjua sasa, alikuwa anasema kweli.

Watu wakaja, wengi kuliko nilivyotabiri, wengine kwa sababu walisikia kuna kitu cha bure. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na alitaka kukitumia. Mwalimu akamwomba asikitumie. Akawaambia watu, kwa sauti yake ile ndogo, kwamba vyombo hivi vinaongea taratibu, kwa hiyo wavisogelee. Nilitegemea zomeazomea. Badala yake viti vikaburutwa, watu wakajisogeza, na lori lilipopita nje mwalimu alisimama akalisubiri lipite, kila mara, kama mtu anayempisha mkubwa wake njiani.

Kibuyu kiliimba, na yule mama mfugaji alijifunika uso kwa shuka lake akicheka. Dumu la Kidodi lilitoa mlio mpana kama unaotoka tumboni, ukumbi ukafurahi mpaka ikabidi lirudiwe. Kisha mwalimu akapiga magoti mbele ya sinia la mama, alilokuwa amelipindua juu ya shuka lake, akapachika karatasi ya waridi, akazungusha.

Alumini inaimba, sikujua. Ilitetemeka yote, na wimbo ukatoka kama unatoka jikoni kwetu mlango ukiwa umerudishwa. Mwanzo ule niliujua. Baada yake nikadhani nitasikia kitu kigeni, kumbe kila sauti iliyofuata niliifahamu sekunde moja baada ya kuisikia, aha, ndiyo, halafu inapanda, ndiyo. Mwili wangu ulikuwa umesikiliza miaka yote ile mimi nikiongeza redio. Kisha wimbo ukakatika.

Mtu nyuma akapiga makofi, wengine wakamfuata. Mwalimu hakuinua uso, mkono wake ulikuwa bado unazunguka, na karatasi tupu ya waridi ilikuwa inapita. Na hapo nikamwona mama. Amepata jiwe. Amenyamaza, amelichukua kwa kucha mbili, ameliinua kuliangalia kama ni jiwe kweli au chuya, amelitupa nje ya mlango, amerudisha mkono kwenye sinia. Wimbo ukaendelea. Baba alikuwa ametuwekea hata jiwe. Nililia bila kujificha, kamasi na yote, na mama mfugaji ambaye sijamjua kwa jina akanishika mkono akanipa ncha ya shuka lake nijifutie.

Nikageuka kumtazama baba. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa.

Makofi yalipokwisha nikamwendea, nikamuuliza kwa sauti kama amesikia. Akasema amesikia, ni mama yako kabisa. Basi nilikuwa mtu mwenye furaha kupita wote pale Mikumi. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, na plastiki yangu ilikuwa imesamehewa.

Watu wakaanza kutawanyika. Mwalimu akaja na kisanduku mkononi, karatasi ya waridi ikining'inia, kumshukuru baba. Akapiga goti, akakisogeza kisanduku karibu kabisa na sikio lake, akaanza kumzungushia wimbo tena, yeye peke yake, zawadi. Baba akainamisha kichwa, akasubiri. Tukamtazama.

"Haya mwalimu," akasema kwa upole, "anza basi."

Wimbo ulikuwa umeshafika katikati. Mwalimu akaniangalia. Hakuacha kuzungusha, maskini, aliendelea mpaka mwisho. Kisha akainama, akaondoka taratibu kwenda kukunja mashuka.

Hasira zikanipanda. Ndiyo, hasira, ndiyo tabia yangu, hata pale. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake magoti kwa magoti ili aone mdomo wangu, nikamwambia amenidanganya. Nikamuuliza tangu lini. Hakubabaika. Akasema tangu siku ile ya kwanza barazani, aliona mkono unazunguka na karatasi inakwenda, na hakusikia kitu. Sauti nyembamba zilishamtoka zamani, ndege, birika, simu. Sauti nene bado anaziambulia. Alijua siku hiyo hiyo kwamba hatausikia wimbo huu kwenye kisanduku, leo wala kesho, na akaona hakuna sababu ya kunivunja moyo.

Nikamwambia, basi ulitoboa karatasi mbili nzima za nini? Jumamosi zote zile, na leo hukula?

Akanitazama kama vile swali lenyewe limemshangaza.

"Mimi ninao," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa huna."

Nilikuwa nimejiona mbebaji, kumbe nilikuwa nimebebwa muda wote, tundu kwa tundu, na mzee ambaye hakutarajia kupata kitu. Nikamshika mikono yote miwili. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kwa koleo.

Akaniuliza kama nimeupata wote. Nikaitikia. Akasema, haya, uimbe.

Nikaangalia huku na huku. Vijana walikuwa wanapanga viti, dereva wetu alikuwa mlangoni anapiga miayo. Na mimi sauti yangu ni nzito, kwaya ya kanisani walinikataa kwa ajili hiyo, wakaniambia kistaarabu nihudumie sadaka. Nikaona haya. Lakini alikuwa ameshageuza sikio, anasubiri, mkono nyuma ya sikio, na macho ameyafumba.

Nikamwinamia mpaka pua yangu ikagusa nywele zake. Nikafunga mdomo, nikaanza, kwa sauti yangu hiyo nene, taratibu. Uso wake ukabadilika. Ulilegea wote, kuanzia kwenye paji, ukawa uso wa mtu aliyekaa barazani kwake jioni na mkewe yupo ndani. Alikuwa anasikia. Nikaendelea, nikafika pale panapopanda, nikapanda.

Baba akainua kidole, macho bado ameyafumba.

"Hapo umepanda mapema," akasema. "Rudia."

Nikarudia.